Salama, Lakini Kama Nani?

Dadangu mdogo alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. "Brathe, huko ni salama? Na usinidanganye." Nilikuwa Berlin, siku ya nne kati ya siku kumi na moja, nimekaa kwenye benchi la kituo cha treni nikila mkate mweusi uliojaa mbegu, ule ambao nyanya yangu angeutazama mara moja na kuwarushia kuku. Nikamjibu kwa maandishi: "Iko poa." Maneno mawili tu. Tangu nirudi Nairobi yamekuwa yakinisumbua kama mchanga ndani ya kiatu.

Hakuwa anauliza mambo ya utalii. Ana miaka 24, ana diploma ya uuguzi, na kila jioni akitoka kazini hupanda ngazi za jengo fulani hapo tao kwenda kusoma Kijerumani. Amefika B1. Septemba 2024, mbele ya Ruto na Scholz, ulitiwa sahihi hukohuko Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani, na siku hizi ukipanda matatu huwezi kukosa mtu anayenong'ona der, die, das kama anasali rozari. Siz ni mmoja wao. Kwa hivyo aliposema "salama" alikuwa anafikiria miaka kumi, si siku kumi na moja. Mimi nikamjibu kama mgeni wa hoteli.

Sasa nataka kumjibu tena, polepole, na nitapitia vitabuni. Siku kumi na moja hazitoshi kuujua mji. Zinatosha kusoma riwaya moja mara mbili ukiwa umekaa ndani ya mji huo.

Kabla ya safari nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nilitafuta watu weusi waliotangulia. Wako wengi, wa Atlanta, wa Lagos, wa London, hadi wa hapa kwetu Rongai. Baada ya vidio ya kumi unaanza kuujua mtindo vile unavyojua mtindo wa mahubiri. Mtu anatua. Anaonyesha chumba. Anashangaa kwamba maduka hufungwa Jumapili. Anasema watu wanamkodolea macho, halafu harakaharaka anaongeza kwamba si kwa ubaya, Wajerumani humkodolea kila mtu. Anakula döner saa nane usiku. Kisha anageukia kamera na kutoa hukumu: nilijihisi salama, ama sikujihisi salama. Wengine hutoa hadi alama, saba kwa kumi, kana kwamba mji umefanya mtihani.

Sizicheki vidio hizi. Zina babu wa heshima. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta kule Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa Wamarekani weusi wenye magari: hoteli gani itakupokea, wapi watakuuzia petroli, nyumba ya nani italaza familia yako giza likiwakuta njiani. Kiliendelea kutoka kwa takriban miaka 30. Ukikisoma leo kinachoshangaza ni ukavu wake. Jina la mahali, anwani, basi. Green Book hakikuulizi ulijihisije. Kinakuonyesha mlango.

Wajukuu wake wa leo wameacha mlango wakashika moyo. Neno lao kuu ni "nilijihisi", na sibishi, hisia ni kitu cha kweli. Mtu aliyekodolewa macho kwenye treni nzima hahitaji takwimu kujua kwamba amekodolewa. Lakini hisia ni za mwenyewe. Ukimuuliza mtu kama Berlin ni salama, atakueleza kuhusu wiki yake: mvua ilinyesha ama haikunyesha, yule mama wa duka la mikate alimtabasamia ama hakumtabasamia. Wewe unayesikiliza una ngozi inayofanana na yake, kwa hivyo unadhani umeelezwa kuhusu wewe.

Halafu kuna orodha ya mahali pa kuepuka. Miongozo mingi inataja Görlitzer Park, bustani iliyoko Kreuzberg. Usipite usiku, wanasema, kuna wauza bangi. Wanachokiruka ni kwamba wengi wa vijana wanaosimama kwenye malango yale ni Waafrika, na wengine wao hawana karatasi za kuwaruhusu kufanya kazi nyingine yoyote. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mtu mweusi unamtahadharisha mtu mweusi kuhusu mtu mweusi. Na sheria ya Berlin inaruhusu polisi, kwenye sehemu zilizotajwa kuwa na uhalifu mwingi, kumwomba mtu kitambulisho bila kuwa na shaka yoyote mahususi juu yake. Bustani hiyo ni mojawapo. Sasa, mwongozo unakulinda kutokana na nani?

Nilipita pale mchana, saa tisa, na nakiri nilikuwa naogopa. Nilikumbatia begi kama mtu anayekatiza River Road na simu mpya. Vijana wa langoni walinitikisia kichwa, tu. Walionijia ni watalii wawili wazungu, mabegi mgongoni, wakaniuliza kwa Kiingereza cha adabu kabisa leo nina nini. Nikawaambia nina kitabu. Wakacheka, nafikiri walidhani ni lugha ya biashara.

Jioni hiyo, kwenye kituo kimoja cha treni upande mwingine wa mji, wanaume wawili waliovaa sare waliwapita watu kama arobaini wakaja moja kwa moja kwangu. Pasipoti, tafadhali. Hawakuwa wakali. Mmoja alifungua ukurasa wa viza, na nikaona macho yake yakitua kwenye tarehe ya mwisho. Akafunga, akanitakia jioni njema. Ningekuwa natengeneza vidio ningesema walikuwa na heshima, nilijihisi salama, na ingekuwa kweli. Babu yangu alivaa kipande chake kwenye kikopo cha chuma shingoni; mimi nimeombwa kitambulisho Nairobi mara ngapi sijui; hili lilikuwa jambo dogo. Ila nimelifikiria sana tangu wakati huo. Pale kituoni hakuna aliyeniangalia nikawa salama. Aliangalia tarehe. Iliyokuwa salama ni tarehe.

Kitabu nilichokuwa nacho begini ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Nobel. Wengi wetu tulikisoma kama riwaya ya vita na ukoloni wa Wadachi katika pwani yetu, na ndivyo kilivyo. Mimi nilikisoma Berlin kama riwaya kuhusu swali la dadangu.

Kuna Ilyas. Akiwa mtoto anatoroka nyumbani, askari wanamteka, na mwisho anaangukia mikononi mwa mkulima mmoja Mjerumani anayempeleka shule ya misheni. Anarudi pwani anajua Kijerumani na moyo wake umejaa shukrani. Kuna mahali wanaume wamekaa wakipiga gumzo kuhusu ukatili wa jeshi la Wadachi, vijiji vilivyochomwa, watu walionyongwa, na Ilyas anawakatiza. Yeye wamemtendea wema tu. Wenzake wanamtazama kama mtu aliyemezwa na mnyama, naye bado anasifu joto la tumbo.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kwenye treni. Si hiyo ndiyo vidio! Ilyas ndiye mtoa alama wa kwanza: "Mimi binafsi sikuona shida." Na Gurnah hamfanyi mjinga. Mkulima yule alikuwa mwema kweli, shule ilikuwa shule kweli. Kosa la Ilyas ni kuupa ushahidi wake kazi isiyo yake. Wema wa mtu mmoja anaugeuza kuwa cheti cha tabia njema cha dola nzima, na sisi wa Kenya ambao tumepiga foleni kwa ajili ya cheti hicho tunajua kwamba hakisemi kuhusu tabia, kinasema tu hujawahi kushikwa.

Vita vya 1914 vinakuja, Ilyas anajiunga na jeshi lao. Anamwacha nyuma dadake Afiya, msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, na sehemu kubwa ya riwaya inapita Afiya akingoja habari zake. Kwetu ni kinyume, anayeondoka ni dada. Nilisoma kurasa hizo nikiwa na aibu kidogo, maana mimi nilikuwa nimeulizwa habari nikatuma maneno mawili.

Berlin kuna jiwe linalohusiana na Ilyas. Liko Brunnenstraße 193, karibu na Rosenthaler Platz. Ni bamba la shaba la sentimita 10 kwa 10 lililopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mojawapo ya yale ambayo Wajerumani huyaita mawe ya kujikwaa, kazi aliyoianzisha msanii Gunter Demnig kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, jina kwa jina, mbele ya nyumba walizoishi. Nililipita mara mbili bila kuliona. Ni la kumkumbuka Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe akaingizwa katika vita vilevile akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikuwa Berlin akidai mshahara wa babake na wake ambao Wadachi hawakuwa wamelipa. (Yeyote aliyewahi kufuatilia malimbikizo ofisini Nairobi ataielewa safari hii bila maelezo.) Akanyimwa. Akabaki. Akawa mhudumu wa Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Akafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu. Akaoa, akapata watoto. Akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini, sehemu ndogondogo za mtumishi, mbeba mizigo, askari mwaminifu. Ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya 1941, iliyotengenezwa kumtukuza yuleyule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi yoyote. Alifia huko Novemba 1944.

Nimesoma maisha haya yakielezwa kama ya mtu ambaye Ujerumani haikumtaka. Sikubaliani. Berlin ilimtaka sana. Ilimtaka akiwa ameshika trei, akiwa ameshika chaki, akiwa amevaa sare mbele ya kamera. Wakati Wanazi wenyewe wanatawala bado alikuwa na kazi kwa sababu ndoto yao ya kurudishiwa makoloni ilihitaji mtu wa kusimama nyuma ya picha. Filamu ya Eva Knopf, Majubs Reise ya 2013, inamtafuta hukohuko, pembeni, nyuma ya mabega ya mastaa wazungu, na kila ukimwona unajua alikuwa kazini siku hiyo na alilipwa. Karibu yake ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu na jina la kazi juu yake. Siku alipotoka nje ya kazi akawa mwanamume tu, mwenye tamaa na makosa kama wanaume wengine, hapakuwa na mlango.

Ndiyo maana nasema swali la vidio lina upungufu. Salama, sawa, lakini kama nani? Kama mtalii? Kama mhudumu? Kama muuguzi wa wazee wa watu? Kama mpenzi wa mtu? Kama mtu asiye na kazi kwa miezi minne?

Sasa turudi kwa Gurnah, maana nina ugomvi naye. Sura ya mwisho ya Afterlives inamfuata mtoto wa Afiya, ambaye pia anaitwa Ilyas, hadi Ujerumani Magharibi miaka ya 1960, na huko kwenye hifadhi za nyaraka anagundua kilichompata mjomba wake. Kwamba alifika Ujerumani, akabadilisha jina, akawa mwimbaji, akaandamana na waliotaka makoloni yarudi, akaoa Mjerumani, akakamatwa, akafa Sachsenhausen. Na kwamba mwanawe, Paul, alimfuata kambini kwa hiari akafa pia. Yote haya katika kurasa chache sana. Riwaya ambayo imetumia muda wote huo kutuonyesha jinsi Hamza anavyomtazama Afiya, jinsi mlango unavyofungwa usiku, jinsi mgonjwa anavyonyweshwa supu, ghafla inakuwa kavu kama taarifa ya polisi. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka chumba cha Ilyas, nilitaka kujua alipata wapi wali, Iddi alisali na nani, alimwambia mkewe nini kuhusu dada aliyemwacha pwani.

Nililegeza msimamo nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya lile jiwe la Husen. Lina maneno machache: jina, kuzaliwa, kukamatwa, kufa. Hivyo ndivyo mji unavyomkumbuka mtu ambaye haukumjua. Gurnah anakataa kujifanya ana zaidi ya kilichoachwa, na ukavu wa kurasa zile unauma kuliko machozi. Hapo namkubali. Lakini bado kuna deni moja ambalo hajalilipa, na silisamehi: hatusikii ni lini Ilyas alibadilisha mawazo, kama alibadilisha. Mtu aliyetwambia "walinitendea wema" anatolewa kwenye ukumbi kabla hajaulizwa swali la pili. Huenda alikufa akiamini. Huenda alijua tangu 1934 akanyamaza kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa. Hiyo ndiyo riwaya ambayo mtu wa B1 anaihitaji, na bado sijaipata.

Kilicho karibu nayo ni maisha ya mtu mwingine, na ya kwake yanavuruga hoja yangu vizuri. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye jina lake linaenda pamoja na Desturi za Wasuaheli, alifika Berlin 1900 kufundisha Kiswahili. Wanafunzi wake, vijana waliokuwa wanajiandaa kwenda kututawala, hawakumpa heshima anayostahili mwalimu, na aliiacha kazi. Mwaka 1904 alikuwa amemwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakapanda meli waende kuishi kwao. Serikali ya koloni haikuwaruhusu. Mwafrika na mke mzungu Dar es Salaam? Wangewaharibia watu wote hesabu. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin 1927.

Kaa na hiyo kidogo. Bendera ni ileile. Mtu huyuhuyu anaweza kupanga chumba na mkewe katika mji wa mkoloni, lakini hawezi kuteremka naye melini pwani ya kwao. Kwa hivyo nikimwambia dadangu kwamba Ulaya si salama, lazima nimalize sentensi: si salama kuliko wapi?

Yeye alinimalizia. Nilipokuwa bado napanga hotuba yangu kuhusu Husen, nilimpelekea takwimu kwanza, kama kaka mkubwa mwenye busara. Mwaka 2023 shirika la haki za msingi la Umoja wa Ulaya lilitoa ripoti kuhusu watu weusi katika nchi 13. Asilimia 45 walisema wamebaguliwa kwa sababu ya rangi au asili yao katika miaka 5 iliyotangulia. Kwa Ujerumani idadi ilipita asilimia 70. Na nikasisitiza: hawa waliohojiwa ni wakazi, wana kodi na shule za watoto. Si watu wa siku kumi na moja.

Akanyamaza kama dakika mbili hivi, nikiona ile alama ya kwamba anaandika, anafuta, anaandika. Kisha: "Brathe, Juni 2024 nilirudi home kutoka tao miguu tupu. Unakumbuka? Huko wakiniuliza ID nitawaonyesha ID."

Nakumbuka. Mama alimwosha miguu kwenye karai na hakuna aliyeongea. Kuna vijana wa umri wake waliotoka siku hiyo hawakurudi kabisa, na majina yao tunayajua. Vidio za safari hazina sehemu ya hilo. Zinafikiria kwamba msafiri mweusi ametoka mahali ambapo hisia zake za usalama ni kamili, kisha anazipeleka Ulaya kupimwa. Hata Johny Pitts, ambaye kitabu chake Afropean cha 2019 nakipenda sana, anaanzia Sheffield na pasipoti ya Uingereza mfukoni. Ana uaminifu wa kulisema hilo, na anajitahidi kwenda pembezoni, kukaa na watu ambao miji imewasukuma huko. Anapofika Berlin wakati wa baridi unahisi baridi yenyewe. Lakini treni yake ina tiketi inayomruhusu kushuka popote na kupanda tena, na kitabu chake kina umbo la tiketi hiyo: mji, mji, mji. Msomaji wa Kayole anakifurahia jinsi mtu anavyofurahia kuchungulia dirisha la nyumba nzuri. Haoni sehemu yake ya kukaa.

Siku ya tisa nilipanda U6 hadi Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Nitauruka Mkutano wa Berlin, kila Mwafrika akienda kule lazima aandike aya kuuhusu. Nilitaka kuona kile wanachokiita mtaa wa Kiafrika, ambako barabara zilibatizwa enzi za makoloni: Togostraße, Kameruner Straße, Sansibarstraße. Ni mtaa mtulivu wa wafanyakazi, nyumba za ghorofa nne, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, mama mmoja anakung'uta zulia. Unatembea ndani ya ramani ya unyakuzi na mbele yako kuna mtu anatoa takataka.

Wakazi weusi na washirika wao walipigania majina haya kwa miaka mingi. Desemba 2022 Nachtigalplatz ikawa Manga-Bell-Platz, kwa heshima ya Rudolf Duala Manga Bell wa Kamerun, ambaye Wajerumani walimnyonga 1914. Na Petersallee, iliyoitwa kwa jina la Mkono wa Damu? Agosti 2024 kipande kimoja kilipewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, na kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya hicho kibao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maji Maji, neno letu, kwenye chuma cha manispaa ya Ujerumani. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama, akakitazama kibao, akanitazama, akasema kitu kirefu ambacho sikukielewa. Sijui alikuwa ananikaribisha ama ananilaumu kwa kumbadilishia anwani. Sauti yake haikunisaidia. Nikasema ja, ja. Mbwa akaninusa viatu. Wakaenda zao.

Ninachojua ni kwamba kibao kile hakikuletwa na hisia za mgeni yeyote. Kililetwa na watu waliokaa hapo hadi wakajua barua inaandikiwa nani na kikao cha mtaa ni saa ngapi. Mtaani hapo kuna pia maktaba ya vitabu vya waandishi weusi, ya shirika liitwalo Each One Teach One. Nilipiga picha, nikamtumia siz, pamoja na ujumbe mrefu sana wa sauti. Nilimweleza Husen, na Mtoro, na ile tarehe kwenye viza yangu. Nilimwambia yeye hatakuwa na tarehe kama yangu, kwa hivyo wema wa wiki ya kwanza asiuhesabu kama mshahara wa mwaka. Nikamwambia kabla hajasaini mkataba aulize: nikiacha kazi hii, viza yangu inakuwaje? Nina siku ngapi? Nyumba ni ya nani? Nikamwambia aiweke anwani ya hiyo maktaba hata kama hapendi kusoma, na hapendi. Nikamwambia pia kwamba niliposema iko poa sikuwa nadanganya, nilikuwa nimejibu swali la mtu mwingine.

Ujumbe ulikuwa wa dakika kumi na nne. Aliusikiliza kwa spidi mara mbili, najua kwa sababu jibu lilikuja baada ya dakika saba na sekunde chache.

"Sawa. Hapo Maji-Maji-Allee kuna vyumba vya kupanga? Na usiseme iko poa. Sema ni euro ngapi."